Je, wajua mbwa waliwezaje kuimba "Jingle Bells"?

Kila Desemba, katikati ya nyimbo za Krismasi zinazopigwa madukani na redioni, huchomoza mmoja ambao waimbaji wake ni mbwa. Wanabweka mara tatu, wanabweka mara tatu nyingine, na tuni haipotei hata kidogo. Rekodi hiyo ilitolewa mwaka 1955 na kampuni ya rekodi ya RCA Victor ya Marekani kwa jina la The Singing Dogs. Upande mmoja ulikuwa na "Oh! Susanna", upande wa pili mchanganyiko wa nyimbo, "Jingle Bells" ikiwamo. Ikafika nafasi ya 22 katika chati ya jarida la muziki la Billboard, na ilipotolewa upya mwaka 1971 ikanunuliwa tena kwa wingi.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa hao walifundishwa. Hawakufundishwa, na hakuna aliyeimba. Kazi ilifanywa na wembe.

Aliyeushika wembe huo ni Carl Weismann wa Denmark, bingwa wa kurekodi sauti za ndege. Adui mkubwa wa kazi ya namna hiyo ni mbwa: ndege anaanza kulia vizuri, mbwa wa jirani anadakia. Inabidi mbweko ukatwe utolewe. Weismann aliona kwamba takataka hizo zinaweza kupangwa zikawa muziki.

Kwa nini "Jingle Bells" inamfaa mbwa kuliko nyimbo nyingine? Aliyepitia kwaya akiandike kiitikio chake kwa solfa: m m m, m m m, m s d r m (m ni mi, s so, d do, r re). Akifika mwisho atahesabu noti 50, lakini sauti zilizotumika ni tano tu, kuanzia do hadi so. Mi inatokea mara 25, fa 11, re 6, so 5 na do 3. Kwa hiyo mbwa mmoja mwenye mi safi ameshamaliza nusu ya kiitikio bila kubadilisha sauti. Jaribu kumpa "Usiku Mtakatifu", wenye noti ndefu na mapana ya zaidi ya oktavi (kutoka do hadi do ya juu yake), uone aibu.

Utepe wa sumaku, ule wa kurekodia sauti unaokatwa kwa wembe, ndio uliowezesha yote haya. Ukiuendesha haraka kuliko ulivyorekodiwa, sauti inapanda na kufupika kwa pamoja. Ukiuendesha polepole, inashuka na kurefuka. Kasi ikizidishwa mara mbili, sauti inapanda oktavi nzima. Kila nusu toni (hatua ndogo ya noti, kama kutoka mi hadi fa) inadai nyongeza ya takriban asilimia 5.95. Hapo ndipo mbwa wengi wanapofaa kuliko mmoja: mkubwa anakupa noti za chini na mdogo za juu, usilazimike kuvuta mbweko mmoja hadi usikike kama wa mdoli.

Halafu muda. Katika studio utepe ulipita mara nyingi kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unaipa kila pigo sentimita 19 za utepe. Mbweko wa sekunde 0.2 unakula sentimita 7.6, zile 11.4 zilizobaki zinajazwa utepe mtupu. Noti 50, kila moja na kimya chake, ni karibu viungo 100 vya kuunga kwa mkono, na ukikosea milimita chache kila mara, mbwa wataanza kukimbiza piano inayowasindikiza.

Kiungo hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukikata wima, sauti inabadilika ghafla na kutoa mlio wa "tak". Wembe ulioshika usumaku nao huacha "tak" hiyohiyo. Kuunga kwa seloteipu ya ofisini ni kosa la kawaida: gundi yake huvuja baada ya muda, tabaka za utepe zikanatana.

Leo kazi hii inafanyika jioni moja kwa programu ya bure kama Audacity. Rekodi mbweko mfupi wenye sauti moja inayosikika wazi. Ule wa kukoroma hauna noti ya kushika. Mbweko wako safi uhesabu kuwa ndio mi. Kisha tengeneza nakala kwa kubadilisha kasi: do ni pungufu kwa asilimia 20.6, re pungufu kwa 10.9, fa ongezeko la 5.9 na so ongezeko la 18.9. Ukianzia do badala ya mi, so itahitaji ongezeko la karibu asilimia 50, na hapo mbwa anageuka panya.

Ugeuzi huo ndio uliomtajirisha mwanamuziki wa Marekani Ross Bagdasarian mwaka 1958, alipotoa wimbo wa Krismasi wa kindi watatu, Alvin, Simon na Theodore. Sauti ziliimbwa utepe ukienda nusu ya kasi, kisha zikapigwa kwa kasi kamili. Tabu ni kwamba mwimbaji lazima aimbe polepole mara mbili, oktavi moja chini, na pumzi imtoshe. Akitamka kwa mwendo wa kawaida, maneno yatatoka kama karanga zinazomwagika. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani na kupata tuzo tatu za Grammy mwaka 1959, mojawapo ya ufundi wa kurekodi. Kwa ustadi ilistahili. Kwa masikio, mara moja kwa mwaka inatosha.

Paka waliletwa mwaka 1993 na Mike Spalla kwa jina la Jingle Cats, na hapa ndipo mbwa wanaposhinda. Mbweko huanza na kwisha ghafla, hivyo unakaa juu ya pigo kama ngoma. "Nyau" hupanda na kushuka njiani. Ukiupa noti moja utakuta umepita tatu, na hata kompyuta haijui ipi ndiyo uliyoikusudia. Mbwa wana kasoro moja tu kubwa: noti ndefu ya mwisho wa mstari hawawezi kuishikilia, na ndiyo maana piano haiwaachi peke yao.