Casemiro "kaisha"? Dhana potofu kuhusu kiungo aliyeshuka kiwango

Tarehe 1 Septemba 2024, mapumziko, Old Trafford. Manchester United wako nyuma 2-0 mbele ya Liverpool, na mabao yote mawili yameanzia kwenye mpira uliopotea miguuni mwa Casemiro, kiungo mkabaji wao kutoka Brazil. Kipindi cha pili harudi. Anaingia Toby Collyer, kijana wa miaka 20. Kwenye vibanda umiza hukumu ikatoka palepale: huyu kaisha.

Tarehe 1 Mei 2025, San Mamés, Bilbao, nusu fainali ya Ligi ya Europa. Bao la kwanza la United kwenye ushindi wa 3-0 ni kichwa cha Casemiro yuleyule. Katikati hapo ni miezi 8 tu, na hakuna mtu wa miaka 33 anayeota miguu mipya kwa miezi 8. Kwa hiyo ama alikuwa hajaisha, ama neno "kuisha" tunalitumia vibaya. Tuzipitie dhana zenyewe, kwa sababu zinazorushwa kwa Casemiro ndizo zinazorushwa kwa kila namba 6, yaani kiungo mkabaji, anayeyumba.

Dhana: "Kasi imeisha, ndiyo maana anapitwa kama mlingoti."

Ukweli: Casemiro hakuwahi kuwa na kasi ya kuanza nayo. Makombe 5 ya Ligi ya Mabingwa aliyochukua na Real Madrid (2014, 2016, 2017, 2018 na 2022) hakuyachukua kwa kukimbizana na watu. Kazi yake ilikuwa kufika mahali mpira unapokwenda kabla mpira haujafika, na baada ya kombe la 2014 akawa na Toni Kroos upande mmoja na Luka Modrić upande wa pili. Eneo lililobaki kwake lilikuwa dogo. Hatua nne au tano zilitosha kufika, kugonga na kusimama.

Tufanye hesabu. Uwanja wa kawaida wa ligi kubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mabeki wakiwa mita 15 nyuma ya viungo, eneo lililo katikati yao ni mita za mraba 1,020. Mabeki wakirudi nyuma mpaka mita 30, eneo hilo linakuwa mita za mraba 2,040. Mchezaji ni yuleyule, mapafu ni yaleyale, ila shamba limekuwa mara mbili. Mpinzani anayekuja na mpira kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde anaivuka nafasi ya mita 30 kwa sekunde nne na ushee, na katika sekunde hizo namba 6 aliye peke yake ana uamuzi mmoja tu: amfuate mwenye mpira na kuacha pasi ya pembeni, au azibe pasi na kumwacha jamaa akimbie. Lolote atakalochagua, televisheni itamwonyesha akiwa amechelewa.

Hayo yalionekana wazi tarehe 14 Agosti 2023, mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Wolves. Kocha Erik ten Hag aliwapanga Bruno Fernandes na Mason Mount juu, wote wawili wakipanda kukaba mbele. Nyuma yao alibaki Casemiro, na nyuma yake mabeki walioogopa kusogea. Matheus Cunha akawa anaokota mpira katikati na kuupeleka mpaka kwenye boksi bila kuguswa. Wolves walipiga mashuti 23 pale Old Trafford. United wakashinda 1-0 kwa kichwa cha Raphaël Varane, na kwa kuwa pointi 3 ziliingia, swali la nani anaziba katikati likaahirishwa. Msimu huo waliumaliza nafasi ya 8, wakiwa wamefungwa mabao 58 na kufunga 57.

Umri haupuuzwi hapa. Baada ya miaka 30 kinachopungua zaidi ni uwezo wa kurudia mbio fupi za kasi: ya kwanza bado ipo, ya tatu ndani ya dakika moja ndiyo inayokataa. Lakini umri humshusha mtu polepole. Kiungo akiporomoka ndani ya wiki sita, uchunguzi uanze kwa waliomzunguka na kwenye misuli, si kwenye cheti cha kuzaliwa.

Dhana: "Msimu wa kwanza hakuwa na doa, kisha akaanguka ghafla."

Ukweli: 2022/23 ulikuwa msimu mzuri sana. Alifunga bao la kwanza kwenye fainali ya Kombe la Carabao (Kombe la Ligi la England) dhidi ya Newcastle tarehe 26 Februari 2023, kichwa kutoka kwa mpira wa adhabu wa Luke Shaw. Ila dalili zilikuwepo. Mwezi Januari alikosa mechi ya Arsenal kwa kutimiza kadi 5 za njano. Februari akatolewa dhidi ya Crystal Palace kwa kumkaba mtu shingoni kwenye vurugu, mechi 3 nje. Machi akalambwa nyekundu nyingine dhidi ya Southampton kwa rafu ya kuteleza, na kwa kuwa ilikuwa ya pili msimu huo, adhabu ikawa mechi 4. Jumla mechi 8 amekaa nje kwa adhabu peke yake.

Kadi ya vurugu tuiweke kando, ile ni hasira. Za rafu ndizo za kusoma. Kiungo mkabaji anayefika kwa wakati hukaba akiwa amesimama. Anayefika nusu sekunde baadaye hulala chini. Ukiona namba 6 anaanza kuteleza mara kwa mara katikati ya uwanja, ujue umbali anaopewa umeshazidi uwezo wake, hata kama timu inashinda. Na kipigo cha 7-0 pale Anfield, Machi 2023, Casemiro alikuwamo uwanjani.

Dhana: "Zile pasi za kutoa zawadi ni uzembe."

Ukweli: turudi kwenye mechi ya Liverpool, maana imesemwa sana na kutazamwa kidogo. Bao la kwanza: Casemiro anapiga pasi, Ryan Gravenberch anainasa, anaupeleka mpira, Mohamed Salah anamimina krosi, Luis Díaz anafunga kwa kichwa. Hilo ni kosa la Casemiro na halina mjadala. Bao la pili: anapokea mpira, Díaz mwenyewe anamvamia na kumpora, Salah anarudisha katikati, Díaz anamaliza. Hapo pia angeweza kuuachia mpira haraka zaidi.

Sasa bao la tatu. Dakika ya 56 Casemiro yuko nje. Anayeporwa mpira ni Kobbie Mainoo, miaka 19, mwepesi, kipenzi cha mashabiki, na anayempora ni Alexis Mac Allister. Dominik Szoboszlai anampa Salah, bao. Mchezaji tofauti, umri tofauti, kosa lilelile. Liverpool walikuwa wametega: wanaacha mpira umfikie kiungo wa kati wa United akiwa na mgongo kwa goli la mpinzani, kisha wanamfunika watu wawili. Hilo bao la tatu ndilo la kumwonyesha yeyote anayesema tatizo lilikuwa mtu mmoja.

Kupokea mpira katikati kuna hatua zake. Kabla mpira haujafika, kiungo anageuza kichwa kuangalia nyuma ya mabega, angalau mara mbili. Mwili anauweka upande, si kifua kwa beki wake. Mguso wa kwanza unampeleka mbali na anayemkaba. Na pasi inayofuata awe ameshaijua. Casemiro tangu zamani ni dhaifu kwenye hatua ya pili na ya tatu, hugeuka taratibu. Madrid udhaifu huo haukuonekana kwa sababu Kroos alikuwa akishuka mpaka kwa mabeki na kuuchukua mpira yeye. United kazi hiyo akapewa Casemiro. Kumlaumu kwa kosa ni haki, lakini lawama ikiishia kwake, aliyempa kazi isiyo yake anaondoka salama.

Dhana: "Takwimu hazidanganyi: pasi zake zinafika, anapora mipira mingi kuliko wote."

Ukweli: mashabiki wanaomtetea nao hukosea hapa. Asilimia ya pasi zilizofika haisemi zilikwenda wapi. Kiungo anayerudisha mpira kwa beki wa kati siku nzima atapata alama nzuri. Idadi ya mipira aliyopora nayo ni mtego. Timu isiyo na mpira hukaba zaidi, kwa hiyo namba 6 wa timu inayozidiwa huonekana shujaa kwenye jedwali. Igawe idadi hiyo kwa muda ambao mpinzani alikuwa na mpira, ndipo ulinganishe. Kisha iweke pembeni ya mara alizopitwa: aliyepora mara 5 na kupitwa mara 6 amekufungulia mlango zaidi ya alivyoufunga. Na usitoe hukumu kwa mechi mbili. Chukua 8 mpaka 10, ukitenga zile alizocheza namba nyingine.

Kuna njia isiyohitaji takwimu kabisa. Chagua dakika 15, acha kufuata mpira, mtazame yeye tu. Timu yake ikipoteza mpira, je, anakimbia kuelekea goli lake au kuelekea mpira? Mwenzake wa karibu yuko mita ngapi? Kabla ya kupokea, kichwa kinageuka? Akipitwa, alikuwa ametulia au alikuwa bado anakimbia kufika? Ukikuta mara nyingi anapitwa akiwa bado njiani, shida ni umbali. Ukikuta anapitwa akiwa amesimama sawasawa, mbele ya mtu mmoja, basi hapo ndipo miguu inapokataa kweli.

Dhana: "Mechi ya Palace ndiyo ushahidi wa mwisho."

Ukweli: tarehe 6 Mei 2024, Selhurst Park, United walifungwa 4-0 na Crystal Palace. Baada ya mechi mchambuzi Jamie Carragher akasema kwenye televisheni kwamba Casemiro amalizie mechi zilizobaki kisha aende Marekani au Saudi Arabia, na kauli hiyo ikazunguka dunia. Kinachosahaulika ni kwamba siku hiyo alicheza beki wa kati, sambamba na Jonny Evans, kwa sababu mabeki wenyewe walikuwa majeruhi.

Kiungo mkabaji huvamia mpira akijua kuna mtu nyuma yake. Beki wa kati haruhusiwi kuvamia. Akikosa, nyuma yake ni kipa tu. Kazi yake ni kuchelewesha, kumsukumia mshambuliaji pembeni, kurudi kinyumenyume huku mwili ukiwa upande. Casemiro akawa anavamia kama kiungo. Michael Olise alimpita dakika ya 12 na kufunga, na bao la nne lilianza kwa Daniel Muñoz kumpora mpira. Alicheza vibaya mno. Ila mechi hiyo inapima uamuzi wa kumweka pale zaidi ya inavyompima kiungo.

Dhana: "Mweke benchi mwezi mmoja, atarudi."

Ukweli: inategemea anaumwa nini. Benchi linatibu uchovu, halitibu mfumo. Casemiro aliumia msuli wa nyuma ya paja Novemba 2023, akarejea mwishoni mwa Januari 2024, na alikuta pengo lilelile katikati likimsubiri. Tena kiungo aliyetoka kwenye jeraha hilo huhitaji mechi kadhaa kabla hajauamini mguu kwenye mbio za kurudi nyuma.

Dhana: "Kiungo akishashuka, harudi."

Ukweli: kocha mpya Ruben Amorim alifika Novemba 2024 na mfumo wa 3-4-2-1, na mwanzoni Casemiro alisugua benchi sana. Alipopata tena nafasi, mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Nyuma yake kulikuwa na mabeki watatu wa kati, hivyo mmoja angeweza kupanda kuziba bila kuacha shimo. Na mwenzake mara nyingi alikuwa Manuel Ugarte, mtu wa kukimbia, ambaye alimpunguzia zile mbio za tatu na za nne. Shamba likarudi kuwa dogo.

Tarehe 17 Aprili 2025 dhidi ya Lyon, robo fainali ya Ligi ya Europa, United walikuwa nyuma 4-2 kwenye muda wa nyongeza. Casemiro akachezewa rafu kwenye boksi, Bruno akafunga penalti dakika ya 114. Dakika ya 120 akampa Mainoo pasi ya bao la kusawazisha. Dakika moja baadaye akainua krosi, Harry Maguire akapiga kichwa, 5-4. Kati ya yale mabao matatu hakuna hata moja lililohitaji kasi. Kisha Athletic Bilbao, akawafunga nyumbani kwao na akawafunga tena Old Trafford kwenye ushindi wa 4-1 wa marudiano.

Wakati huohuo timu ilikuwa taabani: nafasi ya 15 kwenye ligi, pointi 42, na fainali ya Europa ikapotea 1-0 kwa Tottenham tarehe 21 Mei. Yaani kiungo alipanda huku timu ikishuka. Siku tano baada ya fainali, Carlo Ancelotti, kocha aliyemjua vizuri tangu Madrid, alitangaza kikosi chake cha kwanza cha Brazil, na jina la Casemiro lilikuwamo.