Steringi ya Umeme: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

"Usukani mzito? Tia mafuta ya steringi."

Ushauri huu bado unatolewa Mombasa kutwa, hata kwa gari zisizo na mahali pa kuyatia. Vitz, Fit, Demio na Note nyingi zinazoshushwa bandarini hazina pampu ya steringi, mkanda wake wala kikopo cha mafuta. Zina mota ya umeme, aghalabu kwenye nguzo ya usukani chini ya dashibodi, kihisi kinachopima nguvu ya mikono yako, na kompyuta inayoamua mota isaidie kiasi gani. Fungua boneti uangalie kabla ya kulipa. Kuna gari chache, kama Mazda Axela za mwanzo, ambazo mota ya umeme huzungusha pampu ya mafuta. Hizo ndizo zenye haki ya kuongezwa mafuta.

"Betri ni nzima, si gari inawaka?"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama, mota ya steringi yaweza kuvuta ampea 50 na zaidi kwa mpigo. Volti zikishuka mno, kompyuta hupunguza msaada au huukata kabisa. Taa inawaka, usukani unakuwa mzito, unazima gari na kuiwasha, mambo yanakaa sawa. Kesho yake yaleyale.

Chukua mita. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri isome karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Sasa mwambie mtu azungushe usukani huku na huku gari ikiwa papo hapo. Kushuka kidogo ni kawaida, lakini ikienda chini ya 12 na kukaa huko, kagua alteneta na betri.

Bado kuna waya wa hasi, na huu husahaulika. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye klempu, na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha usukani uzungushwe tena. Zaidi ya volti 0.2 maana yake umeme unakwama njiani. Kwa hewa yetu ya chumvi, waya huonekana safi kwa juu, kumbe chini ya kichwa cha bolti pameota unga wa kijani. Fungua ukianzia hasi, osha kwa maji moto yenye bekingi soda, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Kagua pia fyuzi kubwa ya steringi kwenye boksi la injini: nati iliyolegea yatosha kuleta matatizo yote haya.

"Imekuwa nzito wakati wa kuegesha, mota imeungua."

Jaribu kuingiza gari kwenye upenyo karibu na Ndia Kuu saa saba mchana, usukani ukienda mwisho huku na mwisho kule mara kadhaa. Mota hupata joto na kompyuta hupunguza msaada ili isiungue. Acha kuuzungusha kwa dakika kama 10, msaada utarudi. Na usiushikilie ukiwa umefika mwisho.

"Umeme ukikatika, usukani utajifunga."

Hapana. Chuma bado kinaunganisha usukani na magurudumu. Usukani utakuwa mzito sana, lakini bado utaweza kukata kona. Kinachofunga usukani ni loki ya ufunguo, kwa hiyo usichomoe ufunguo gari ikiwa inatembea.

"Taa imewaka, nunua nguzo nyingine."

Soma kodi kwanza, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na gari, na kwa skana inayoingia kwenye kompyuta ya steringi. Vile vifaa vya bei rahisi mara nyingi husoma injini tu. Kwa Toyota, C1515 na C1516 zinahusu kihisi ambacho sifuri yake haijawekwa au haikukamilika. Dawa yake ni kusawazisha: gari kwenye sakafu tambarare, magurudumu yamenyooka, swichi imewashwa lakini injini imezimwa, na mtu yeyote asiguse usukani mpaka skana imalize. Mkono ukiegemea hapo, sifuri inawekwa kombo na gari inaweza kuanza kuvuta upande mmoja. Kodi za C1511 hadi C1514 zikirudi baada ya soketi na waya kukaguliwa, hapo nguzo yaweza kulaumiwa.

Ukinunua nguzo iliyotumika, linganisha namba ya lebo, si umbo. Kabla ya kufungua ya zamani, toa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kwa sababu ya mfuko wa hewa (airbag) ulio kwenye usukani. Usiache usukani ujizungushe ovyo, waya wa mviringo ulio nyuma yake utakatika.

"Inagonga tak tak, reki imekwisha."

Reki ni ile gia ya chini inayogeuza magurudumu; usiilaumu kwanza. Washa injini, gari isimame, tikisa usukani kidogo tu, upana wa kidole, kushoto na kulia. Mlio ukitoka chini ya dashibodi, shuku viungo vya shafti au, kwa Hyundai na Kia nyingi, kile kipande kidogo cha mpira kinachounganisha mota na gia yake. Mpira huo hupasuka na kumong'onyoka. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na nguzo nzima. Mlio ukitoka chini karibu na gurudumu, mwenzako ashike tairodi endi (kiungo kinachounganisha reki na gurudumu) huku ukitikisa: iliyolegea ataisikia mkononi.