Mgongo wako na bichi: wengi huumia wakati wa kufungasha

Sikukuu zikipita, hasa Idd na mwaka mpya, foleni ya kliniki yetu ya fiziotherapia hubadilika sura. Wanakuja vijana na akina mama wenye afya njema, mkono kiunoni, na maelezo yao yanafanana: jana walikuwa bichi, hawakuanguka wala kugongana na mtu, ila asubuhi wameshindwa kuinama kuvaa viatu. Wengi wanakuwa wameshajipa jibu kuwa ni figo, au ni baridi ya bahari. Maumivu yaliyoanza baada ya kubeba mizigo, yanayozidi ukiinama na kupungua ukijinyoosha, hutoka kwenye misuli, viungo na ligamenti (nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa) za kiuno. Figo haijui kama umeinama.

Tatizo huanzia kwenye mkeka. Ukikaa chini miguu umeinyoosha mbele, nyonga hulala nyuma na kiuno hupinda. Ligamenti zinazoshika pingili za uti wa mgongo kwa nyuma huvutika polepole bila kuuma, ndiyo maana mtu hana habari. Dakika 20 za kukaa hivyo zinatosha kuzilegeza. Ukisimama, dakika 2 za kwanza hurudisha karibu nusu tu ya ukakamavu wake, na hata baada ya nusu saa bado hazijarudi zote. Sasa chukua hali ya kawaida ya Coco Beach au Kigamboni: saa 12 jioni giza linaingia, dereva anapiga honi, na mtu aliyekaa saa mbili anainuka na papo hapo kuinamia deli la vinywaji. Hapo ndipo mgongo unapoumia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mzigo wowote, simama, tembea dakika mbili tatu, weka viganja kiunoni na ujipinde kwa nyuma taratibu mara tano. Waosheni watoto mchanga na kukunja kanga kwanza. Deli na sufuria la pilau vifuate mwisho, si mwanzo.

Uzito wenyewe watu huukadiria kwa macho, na macho hudanganya. Lita moja ya maji ni kilo moja. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, na kreti la soda za chupa hukaribia kilo 20. Deli lenye barafu na vinywaji vya familia ya watu wanane hupita hapo kirahisi. Mwongozo wa HSE, taasisi ya usalama kazini ya Uingereza, unamwekea mwanaume kilo 25 iwapo mzigo uko usawa wa kiuno na umebanwa na mwili. Mzigo ukiwa chini na mikono imenyooshwa mbele, kiwango kinashuka hadi kilo 5. Kwa mwanamke ni kilo 16 na kilo 3. Kwa hiyo kinachoamua zaidi ni umbali wa mzigo na kiuno chako, kuliko nguvu za mbebaji. Piga goti moja mchangani, vuta deli mpaka liguse paja, lipandishe juu ya paja, kisha simama. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Kuzungusha kiuno huku umeshika mzigo ni kosa tunaloliona kila wiki, na halihitaji bahari. Barafu iliyoyeyuka imwageni kabla ya kuondoka. Sielewi kwa nini watu husafirisha maji machafu hadi Mbagala.

Kutembea kwenye mchanga mkavu hudai nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea mahali pagumu, kwa sababu mguu unazama na misuli inafanya kazi ya ziada kukusawazisha. Pwani yetu hutoa nafuu kwa anayejua saa za maji. Yakipwa, hasa wakati wa bamvu (siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida), hubaki uwanja mpana wa mchanga mgumu; yakijaa, baada ya muda wa saa sita hivi, unabakiwa na ukanda wa mchanga laini tu. Panga kupitisha mizigo kabla maji hayajajaa, au gawa mzigo katika safari mbili. Kwa matembezi, nenda na rudi njia ileile, maana ufukwe una mteremko na mguu wa upande wa bahari huwa chini muda wote.

Kuhusu kukaa: kusanya mchanga chini ya mkeka hadi kimo cha shubiri moja, ukanyage ushikane, kisha chimba kidogo pale visigino vitakapokaa. Makalio yakiwa juu kuliko miguu, kiuno hakipindi sana. Nyuma yako jaza tuta la kuegemea. Kila dakika 20 simama, hata kama ni kwenda kununua mihogo. Anayelala chali aweke taulo lililoviringwa chini ya magoti. Kulala kifudifudi umejiegemeza kwenye viwiko ukitazama simu hubana viungo vya nyuma vya pingili. Usizidishe dakika kumi.

Kwenye mawimbi usiipe bahari mgongo. Simama ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, na usimbebe mtoto mabegani. Kujirusha kichwa kwanza kwenye maji ya kiunoni huvunja shingo, na hilo si suala la fiziotherapia tena. Aliyeumia hivyo asivutwe kwa mikono. Ashikiliwe akielea majini uso ukiwa juu, kichwa na mwili katika mstari mmoja, na Zimamoto na Uokoaji wapigiwe namba 114. Wanaokwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo kwa boti, wenye umri mkubwa na wenye mifupa dhaifu wakae nyuma. Mbele ndiko boti inakoruka na kutua kwa kishindo, na pingili huweza kupondeka.

Nyumbani, usimkanyagishe mtoto mgongoni ili “mshipa urudi”. Hakuna mshipa uliohama. Endelea kutembea na kazi nyepesi, usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Maumivu mengi ya aina hii hupungua ndani ya wiki nne hadi sita. Picha ya eksirei haionyeshi misuli wala ligamenti, kwa hiyo kukunyima picha siku ya kwanza si kukudharau. Njoo haraka, siku hiyohiyo, ukipata ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, mguu ukikosa nguvu, ukiwa na homa, au ukiwa umeanguka.

Mwisho ni suala la karatasi za mapumziko, ambazo wengi huziita ED. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri halazimiki kulipa iwapo hujawasilisha cheti cha daktari aliyesajiliwa. Cheti hutolewa siku unayoonwa na daktari, baada ya kupimwa. Hatuandiki tarehe ya juzi kwa sababu juzi ulikuwa bichi, na kurekebisha tarehe kwa kalamu yako ni kughushi, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu inalipangia kifungo cha hadi miaka 7. Utaratibu ni kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako utapewa barua ya rufaa ikihitajika. Uje nayo pamoja na kadi ya bima, na uvae nguo inayoruhusu kiuno kuonekana na magoti kukunjika. Gauni la kubana hutulazimu kukupangia siku nyingine.