Fuzi ni mzizi wa asili, na ni sumu

Wengi husema dawa ya mitishamba haidhuru kwa kuwa ni ya asili. Fuzi, dawa ya jadi ya China, inakanusha hilo waziwazi. Ni mzizi mdogo unaoota ubavuni mwa mzizi mkuu wa mmea uitwao Aconitum carmichaelii, na Jiangyou, mkoani Sichuan, imesifika kwa kuulima. Ukiwa mbichi una akonitini, sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Miligramu chache tu zinaweza kumuua mtu mzima. Ganzi huanzia midomoni na ulimini, kisha hufuata kutapika, kisha moyo.

Matabibu wa jadi wa China wenyewe hawaufanyii mzaha. Hulowekwa kwenye maji makali ya chumvi, huchemshwa, hukatwa vipande na kusuuzwa tena na tena. Hata baada ya hapo, kitabu rasmi cha dawa cha China kinaweka kipimo cha gramu 3 hadi 15, tena uchemshwe kwanza kwa muda mrefu kabla ya dawa nyingine kutiwa chunguni, kwa sababu moto ndio unaoivunja akonitini.

Basi anayekuuzia unga wake bila kukueleza ulitayarishwaje, usimnunulie. Kuuloweka kwenye pombe nyumbani ni hatari zaidi: pombe huivuta sumu kutoka mzizini bila kuivunja.