Mkanda wa tumbo haurudishi kizazi

Swali ni lilelile, safari hii kutoka kwa mama mkwe wa mzazi: "Mkunga, afunge mkanda siku ngapi ili kizazi kirudi?" Sifuri. Mkanda wa dukani, mkaja, kanga iliyokazwa mpaka mama anahema kwa shida, vyote vinabana ukuta wa tumbo tu. Kizazi kiko nyuma ya ukuta huo na kinarudi kwa kazi inayofanyika ndani ya nyama yake chenyewe.

Kondo la nyuma likishatoka, kizazi kina uzito wa takriban kilo moja. Wiki moja baadaye ni kama gramu 500, wiki ya pili 300, na kufikia wiki ya sita kiko chini ya gramu 100. Nyama yote hiyo imekwenda wapi? Wengi wanajibu kwamba imetoka na damu, ndiyo maana wanataka ikamuliwe. Hapana. Damu ya uzazi ni utando wa ndani unaobanduka pamoja na majimaji ya kidonda kilichoachwa na kondo. Misuli haitoki. Kondo likiondoka, homoni zilizokuwa zinaikuza misuli zinaporomoka, na damu inayoilisha inapungua. Seli zinaanza kumeng'enya protini zao zenyewe. Mabaki yanaingia kwenye mzunguko wa damu, na naitrojeni yake inaishia kwenye mkojo. Idadi ya seli haipungui sana, ila kila seli inanywea. Sasa niambie, mkanda utaibana vipi seli moja moja?

Tusichanganye pia kujikaza na kusinyaa. Kujikaza ni kazi ya dakika na saa za mwanzo: nyuzi za misuli zilizopishana zinaibana mishipa ya damu pale kondo lilipokuwa. Ndiyo sababu tunachoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kusinyaa kunachukua wiki kadhaa. Chango la uzazi la siku mbili tatu za mwanzo, linalokolea mtoto akinyonya na linalomuuma zaidi aliyezaa mara nyingi, ni kujikaza. Paracetamol inatosha kwa wengi. Uji wa pilipili manga kunyweni, ni mtamu, lakini haukazi kizazi.

Kinachozuia kizazi kujikaza, na ambacho hakuna shangazi anayekiuliza, ni kibofu kilichojaa. Kibofu kikijaa kinakisukuma kizazi juu na pembeni, mara nyingi kuelekea kulia, kizazi kinalegea, na damu inamwagika. Mama aliyeshonwa anaogopa kukojoa kwa sababu mkojo unawasha. Amwagie maji ya uvuguvugu huku anakojoa. Akipitisha saa sita tangu kujifungua bila kukojoa, mwambieni muuguzi, msisubiri mkojo uje wenyewe.

Kupima ni hivi. Kwanza akojoe. Alale chali, magoti yamekunjwa kidogo. Mkono mmoja uushikilie upande wa chini, juu kidogo ya mfupa wa kinena, na wa pili utafute kwa ubavu wa kiganja kuanzia juu ya kitovu kushuka. Utakuta kitu cha mviringo, kigumu, katikati. Kikiwa laini kama unga uliokandwa, sugua kwa mduara mpaka kikaze, huku unaita msaada na kuangalia pedi. Mara tu baada ya kondo kutoka kilele kiko chini ya kitovu. Saa chache baadaye kinapanda hadi usawa wa kitovu, na hapo ndugu wanapiga simu usiku. Tulieni. Kuanzia kesho yake kitashuka takriban kidole kimoja kwa siku, na kati ya siku ya 10 na ya 14 hukipapasi tena juu ya kinena.

Hicho "kidole kwa siku" nakifundisha, lakini sikiamini kama nilivyofundishwa. Vidole vyangu na vya mkunga wa zamu ya usiku si sawa. Mama wa pacha, aliyepasuliwa, au mwenye uvimbe wa fibroidi, kizazi chake hushuka polepole bila ubaya wowote. Hata kunyonyesha, ambako tunakusifu kwamba kunakisinyaza kizazi haraka, vipimo vya ultrasaundi havijakubaliana. Nyonyesha kwa ajili ya mtoto.

Kwa hiyo mimi huangalia damu kuliko vidole. Nyekundu siku tatu nne, kisha ya rangi ya waridi au kahawia mpaka kama siku ya 10, kisha nyeupe-njano kwa wiki kadhaa. Ikishapauka halafu ikarudi nyekundu na nyingi, ikinuka vibaya, joto likifika 38, au pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, nenda hospitali leo. Kuna uwezekano kipande cha kondo kimebaki au maambukizi yameingia. Usipitie kwanza kwa mkandaji. Maji ya moto yanatuliza maumivu, basi. Hayayeyushi bonge lililo ndani, ila yanababua ngozi na kulowesha mshono.

Na tumbo lililobaki mbele? Hilo si kizazi. Ni misuli ya tumbo iliyoachana katikati, ngozi iliyotanuka na mafuta. Mama anaweza kuwa na kizazi kilichorudi kabisa na bado akaulizwa sokoni ana miezi mingapi.

Mkanda wenyewe sijaupiga marufuku. Kwa aliyepasuliwa unapunguza maumivu akikohoa au kutembea. Ufungwe kuanzia kwenye nyonga, kiganja kiweze kupita chini yake, na uvuliwe wakati wa kulala. Siku ya kliniki uufungue kabla hujapanda kitandani, maana juu ya matabaka manne ya kanga sipapasi kitu.