Oscar, yule samaki wa kufugwa kwa tangi, si lazima ale samaki hai

Ile meseji ya "oscar akipewa chakula kikavu anakufa" imerudi tena kwa magrupu ya wafugaji hapa Nairobi, tafadhali msiifowadi. Oscar huzoea peleti, yaani vidonge vya chakula kikavu, ila polepole. Chukua kipande cha tilapia kisicho na mifupa, ficha peleti moja ndani, siku zikisonga punguza nyama uongeze peleti. Watu huchanganyikiwa juu siku ya kwanza anaitema, ptu!, wanadhani ni sumu, kumbe hata nyama asiyoijua huitema hivyo hivyo, na samaki mkubwa mwenye afya akikataa kula siku mbili hafi. Goldfish wa kulishia, wale anaopewa wakiwa hai, ndio balaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 na huingiza magonjwa kwa tangi. Jaribu mwenyewe, toa mabaki, kesho umpe tena akiwa na njaa.