Zero nyingi za shule ya kata si kwamba watoto wa pale ni vilaza

Kila matokeo ya form four yakitoka, hapa Mbeya utasikia tu "shule ya kata ile ni takataka, ona Kibaha na Ilboru wanavyopiga division one, daraja la juu kabisa". Jamani hapana, hapo tunalinganisha vitu viwili tofauti kabisa. Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala ni shule za vipaji maalum, zinachukua waliofaulu zaidi darasa la saba nchi nzima, yaani mtoto anaingia getini akiwa tayari ni cream, halafu analala bweni. Ya kata, ile sekondari ya serikali ya kutwa ya hapo hapo kwenye kata, inabeba wengi wa waliofaulu waliobaki wa maeneo yake.

Sasa mchukue binti wa form one huku Umalila, anaamka saa kumi na moja ukungu umeshika na baridi ile ya mwezi wa sita, anatembea mpaka shule, sketi imelowa umande hadi magotini, anafika mwalimu anafundisha baiolojia kwa Kiingereza wakati miaka saba yote ya msingi kasoma kwa Kiswahili, na msimu wa viazi ukifika nyumbani wanamhitaji shambani. Wengine wanapanga geto, yaani chumba karibu na shule, wanajipikia wenyewe. Huyo akitoka na division three mimi nampigia makofi kabisa.

Ukitaka kujua shule inafundisha kweli, angalia watoto waliingia na nini na wametoka na nini. Wastani wa mwisho peke yake unakwambia zaidi nani aliandikishwa pale.